Ukuta wa Kona

Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo, kwa hiyo ikikufikia imekunjamana usinilaumu mimi. Simu yangu bado imezimwa. Imo kwenye droo ya vifungo. Siku ile walinipigia simu kunipa habari, na tangu hapo kila ikilia mikono inakufa ganzi, basi nikaona heri tuandikiane kama watu wa zamani.

Mimi sijambo. Watu wakiniuliza nasema sijambo, na kweli sioni pa kusema panauma. Nakula, naoga, nashona. Wiki iliyopita nilishona sare kumi na nne za shule na sikumbuki hata moja. Mwezi na nusu sasa tangu shemeji yako afe na bado sijalia. Jirani yangu wa nyuma ananitazama kama mtu aliyekosa adabu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa sababu ya ukuta. Ofisi yako ya zamani wameniletea barua, nimeinakili yote kwenye karatasi ya pili uisome mwenyewe. Wanataka kuja kuupima ukuta wa kona tarehe 14, na ukizidi wanaubomoa. Nilimwambia aliyeileta kwamba ukuta ule ulishapimwa na mkaguzi, tena mkaguzi tuliyezaliwa naye tumbo moja. Akasema sawa, huyo mkaguzi aandike barua ya kuthibitisha kipimo chake, jalada litafungwa na hawatakuja.

Naomba uiandike. Mistari mitatu inatosha. Unajua ule ukuta aliujenga yeye na mwashi mmoja tu, Jumapili baada ya Jumapili, na kila tofali lilipopinda alinitoa kwenye cherehani nikalitazame, kana kwamba mimi ni fundi. Sitaki watu wasimame pale na tepu wakisema juu yake. Sitaki uguswe. Vitu vingine vyote mwaka huu sina hamu navyo. Hiki nakitaka.

Dada yako

*

Ofisi ya Ukaguzi wa Majengo
Tarehe 20 Februari

Kwa Mmiliki, Kiwanja cha Kona

YAH: KUPIMWA UPYA KWA UKUTA WA UZIO

Kufuatia ajali ya tarehe 9 Januari kati ya gari la kusambaza mikate na mwendesha baiskeli, na kufuatia maelezo ya dereva mahakamani kwamba hakumwona marehemu kwa sababu ya ukuta wako, ofisi hii itaupima upya tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi.

Unakumbushwa kuwa uzio wa makazi unaruhusiwa kufika mita mbili ubavuni na nyuma. Lakini kwa kiwanja cha kona, ndani ya mita sita kutoka makutano ya barabara, uzio hauruhusiwi kuzidi mita moja, ili anayekuja aonane na anayetoka. Urefu hupimwa kutoka usawa wa barabara.

Jalada letu linaonyesha ukuta wako ulikaguliwa na kupitishwa kwa urefu wa mita moja. Ukikutwa umezidi utabomolewa kwa kiasi kilichozidi, na kipimo kitakachopatikana kitapelekwa mahakamani kabla ya kesi kusikilizwa tarehe 24 Machi.

Mkaguzi wa Majengo

*

Tarehe 28 Februari

Dada,

Barua yako nimeipata, imekunjamana kweli, na ina doa la kitu nadhani ni chai. Huyo kondakta nitamfungulia jalada.

Nafurahi kusikia unakula. Mimi huku nimezoea. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo kila kitu changu ni cheupe, hata sauti nadhani. Kazi ni ileile ya kuhesabu sentimita za watu. Huku wamezungushia nyumba vitu ambavyo sheria haikuviota: mabati ya zamani, milango ya magari, juzi nimekuta uzio mzima wa chaga za vitanda vya chuma. Nilimwuliza mwenye nyumba kama ana kibali, akaniuliza kama mimi nina usingizi. Nikaandika "uzio wa chuma" nikaenda zangu.

Kuhusu ile barua ya kuthibitisha. Kuna utaratibu wake, Dada. Mkaguzi akishahamishwa haandiki moja kwa moja kwa ofisi ya zamani. Anapitisha kwa mkuu wake wa sasa, na mkuu wangu yuko likizo. Nitaona. Wakati huohuo usijisumbue na hao watu. Kupima si kubomoa. Wakija, wewe kaa ndani, funga mlango, shona.

Huyo dereva bado yuko nje kwa dhamana? Nimeuliza tu.

Usisahau kula mchana. Najua asubuhi unakula, mchana ndio unajidanganya.

Mdogo wako

*

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Eti mkuu yuko likizo. Tangu ukiwa darasa la tatu, kila ukitakiwa kufanya kitu usichokitaka, kuna mtu mkubwa yuko safarini. Nimekulea mimi, nakujua hadi unavyokunja soksi. Sema tu kama unaogopa kazi yako. Sitakasirika. Hasira nazo zimeenda sijui wapi.

Dereva yuko nje kwa dhamana, ila leseni wameishikilia. Gari la mikate sasa linaendeshwa na mtu mwingine, linapita hapa saa ile ile, saa kumi na mbili na nusu, na mimi bado nanunua mkate. Jirani ameona hilo pia.

Watu wawili wamekuja wiki hii. Wa kwanza ni mwenye ile baiskeli aliyoileta kwa shemeji yako itengenezwe. Alikuja kunipa pole, akakaa, akanywa maji, akazungusha maneno weee, mwisho akauliza kama shemeji yako alikuwa ameshamaliza kurekebisha breki kabla ya kwenda kuijaribu barabarani. Nikamwambia sijui, baiskeli yako iko polisi, nenda ukawaulize wao breki zilikuwaje. Akaona haya, masikini. Mimi sikuona kitu.

Wa pili ni mke wa dereva. Nilidhani ni mteja, nikamwuliza ni gauni au sketi. Akanieleza yeye ni nani. Nikampa kiti. Ni mwanamke mfupi, ana mkono mmoja umeungua zamani. Hakuja kuomba kitu. Alisema mume wake kila siku anarudia maneno yale yale, "sikumwona, sikumwona, alitoka ukutani," na watu wa kwao wenyewe wanamcheka, maana kila anayegonga mtu husema hakumwona. Akauliza kama anaweza kusimama barabarani atazame tu. Nikamwambia barabara si yangu. Akaenda akasimama pale gari lilipotokea, akachuchumaa kidogo kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha gari, akatazama ukuta muda mrefu. Kisha akapunga mkono akaondoka. Nikarudi kwenye cherehani.

Basi, niambie hata kwa mdomo, kwa maana ya kwenye karatasi: siku ile ulipopima ilikuwaje? Mimi sikuwepo, nilikuwa nimepeleka nguo za arusi. Nikijua nitawaeleza mwenyewe wakija tarehe 14, na wewe mkuu wako aendelee kupumzika.

Dada yako

*

Tarehe 6 Machi

Dada,

Umenichekesha na umenichoma, vyote kwa sindano moja.

Siku ile nakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Nilikuwa na karatasi za viwanja sita mkononi, chenu kilikuwa cha mwisho. Nilikuwa niingie kwa mbele, nisimame barabarani na koti la ofisi kama nilivyofanya kwa wale watano. Lakini nilimwona shemeji kupitia mlango wa jikoni, ameshika birika, akaniita, "Bwana Sentimita, chai inapoa!" Nikazunguka nikaingia kwa nyuma. Ningewezaje kusimama barabarani namkagua mtu aliyeniandalia chai? Watu wangeona nimegeuka mgeni kwa dada yangu.

Basi tukakaa uani, pale mlipojaza kifusi mwaka ule wa mafuriko ili maji yasiingie ndani. Nikamaliza kikombe cha kwanza. Cha pili nilikishika mkono mmoja, tepu mkono mwingine, yeye akabana ncha chini kwa kidole gumba cha mguu. Mita moja kamili, Dada. Kamili, bila hata nusu sentimita. Akasema, "Unaona? Nimeujenga kwa kukuogopa wewe." Tukacheka. Nikaweka sahihi juu ya goti langu.

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amefurahi sana. Sijawahi kumsimulia mtu.

Mkuu amerudi likizo. Sijamwona bado.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale pa chai mara tatu.

Usiiandike ile barua ya kuthibitisha. Usimwandikie mkuu wako, wala ofisi, wala mtu yeyote. Nimebadili mawazo. Jambo hili nitalimaliza mwenyewe na wewe hutaguswa.

Usiniulize. Kula, lala, hesabu chaga zako za vitanda.

Dada yako

*

Tarehe 11 Machi

Dada,

Nimeipata yako leo mchana, fupi kama risiti. Nimeisoma nimesimama kwenye mlango wa mashine na unga unanidondokea. "Hutaguswa." Nimejua umejua.

Au labda hujajua, umechoka tu na mimi. Kwa hiyo naandika wazi, mara moja, nisije nikapata mkuu mwingine wa kwenda likizo.

Ukuta ule hupimwa kutoka barabarani. Sheria hiyo naijua kama jina langu. Nimewahi kumbomolea mzee wa watu kozi mbili za tofali, mistari miwili mizima, kwa sababu alipimia ndani. Uani kwenu kuna kifusi, na kifusi kile kiko juu ya usawa wa barabara kwa zaidi ya nusu mita. Mita moja ya ndani, nje ni mita moja na sitini au zaidi. Mtu mzima akiwa juu ya baiskeli, ameinama kama shemeji alivyozoea kuinama kusikiliza mnyororo, haonekani. Haonekani kabisa, Dada. Dereva anasema kweli.

Nilipima kama shemeji, nikatia sahihi kama mkaguzi. Nilijua? Kuna saa nasema sikujua, chai ilinisahaulisha. Saa nyingine nakumbuka kwamba nilipokuwa natoka nilipita kwa mbele, nikauona ukuta umenifika kidevuni, nikajiambia kesho nitarudi nipime tena. Kesho yake nikapata barua ya uhamisho. Nikafurahi. Hilo ndilo siwezi kujisamehe, kwamba nilifurahi.

Niliposikia kifo nilikuja, nikabeba jeneza, nikapita na jeneza pale pale penye ukuta. Nikarudi huku. Ile ya chai nilikuandikia nikiwa nataka uelewe, na wakati huohuo naomba Mungu usielewe.

Sasa nisikilize. Usiuguse ukuta. Waache waje tarehe 14, wapime kutoka barabarani. Tepu itasema yenyewe, kipimo kitaenda mahakamani, dereva atapona, nami nikiitwa nitajibu. Ukuta utapunguzwa, najua unaupenda, nisamehe na kwa hilo. Lakini baada ya kupimwa, si kabla.

Nimempa kondakta barua hii nikamwambia akiikunja namshitaki.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana, tarehe 13, mchana. Ukuta nilikuwa nimeshaupunguza juzi.

Nitakueleza kwa mpangilio maana kichwa changu siku hizi kinaenda vizuri kwa mpangilio tu. Nilipoisoma ile barua yako ya chai, nikachukua tena karatasi ya ofisi, nikasoma pale paliposema usawa wa barabara. Nikatoka nje na futi yangu ya kushonea. Unaijua, ina sentimita mia na hamsini. Niliibana chini kwa jiwe, nikaivuta juu, ikaisha kabla ukuta haujaisha. Nikatia alama ya chaki, nikapima kilichobaki. Kumi na mbili. Mita moja na sentimita sitini na mbili. Nikasimama pale na chaki. Nilingoja nihisi kitu. Gari moja likapita likanipigia honi nitoke barabarani, nikatoka.

Unajua nilifikiria nini? Sikumfikiria yeye. Nilikufikiria wewe, umeitwa mbele ya watu, umevaa lile shati lako la kola iliyopinda. Nikamwita mwashi yule aliyejenga naye. Akaniuliza, "Mama, tunapunguza?" Nikasema tunapunguza. Hakuuliza tena. Alitoa kozi tatu kuanzia nguzo ya lango hadi mwisho wa zile mita sita, akapiga lipu juu, na ile rangi iliyobaki kwenye kopo tukaipaka yote. Tofali zimepangwa nyuma ya choo.

Leo saa nne wamekuja. Mkaguzi mpya ni mwanamke kijana, ana kalamu tatu mfukoni na anazitumia zote. Alisimama barabarani, kama inavyotakiwa. Sentimita tisini na nane. Akagusa juu ya ukuta, akanusa kidole chake. Akaniuliza, "Mama, ukuta huu ulikuwa hivi hivi siku ya ajali?" Nikamwambia ulikuwa hivi hivi, nimepaka rangi tu. Akanitazama. Akaandika tisini na nane. Alisema yeye anaandika anachokipima na anachoambiwa na mwenye nyumba.

Kwa hiyo jalada lako liko safi sasa, na karatasi ya leo inalisaidia. Na dereva amekwisha. Barua yako imekaa mezani, nimeiwekea mkasi juu isipeperuke.

Sikukusudia kumfunga mtu. Nilikusudia kukuficha wewe. Nimekuficha tangu ukivunja madirisha ya watu, mkono ulikwenda wenyewe. Kuhusu ukuta, nilikuwa nauhifadhi kwa ajili ya shemeji yako, na wewe ndiye uliyempitishia ukuta huo uliomficha. Sijui niseme nini juu ya hapo. Nimejaribu kukuchukia leo mchana, nikakaa kabisa kwenye kiti nikajaribu, nikajikuta nahesabu vifungo.

Dada yako

*

Tarehe 17 Machi

Dada,

Nimeenda kazini, nimepima nyumba tatu, zote nimepimia nje. Mikono inafanya kazi, mimi siko.

Nimeelewa kitu kimoja. Nilikuwa nataka tepu iseme badala yangu. Nilitaka nikae huku nyuma ya mashine ya kusaga, waandike namba, mimi niitikie tu. Umepunguza ukuta na sasa hakuna cha kusema isipokuwa mdomo wangu.

Nakuja. Basi la tarehe 22. Tarehe 24 nitaingia mahakamani nikawaambie kwamba kipimo cha jalada ni cha ndani, nilikipata na kikombe mkononi, na ukuta uliopimwa juzi si ule wa siku ya ajali. Nimemwambia mkuu wangu leo. Akaniomba nirudishe koti la ofisi kabla ya kusafiri, ili nisionekane nimetumwa na wao. Nimelikunja, nimelirudisha. Kazi hii sidhani nitaikuta nikirudi.

Ninachoogopa ni hiki: watasema najitungia. Karatasi mbili zinasema ukuta hauzidi mita moja, moja yangu mwenyewe. Mwanasheria yeyote atauliza kwa nini waniamini leo na siyo siku ile. Sijui nitajibu nini. Nitasema hivyohivyo.

Wewe usiseme neno. Umeshamdanganya mkaguzi mara moja kwa ajili yangu, wasije wakakushika na wewe. Tafadhali, Dada. Hili ni langu. Mwache huyo mwashi naye, ana watoto.

Kama hutaki nifikie kwako nitapata pa kulala. Niambie tu.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Pa kulala ni hapa. Usiniletee mambo ya hoteli.

Barua yako imefika jana asubuhi. Niliimaliza, nikafunga cherehani, nikavaa viatu, nikaenda ofisi ya ukaguzi kwa miguu. Nilikaa kwenye benchi na watu wanaotaka vibali. Aliyekuwa mbele yangu alitaka kujua kama michongoma ni uzio au ni mmea. Walimjibu ni vyote viwili, akaondoka amekasirika.

Mkaguzi alinikumbuka. Nikamwambia nilichokwambia wewe, kwa mpangilio uleule: futi, jiwe, chaki, mia na hamsini na kumi na mbili, kozi tatu nyuma ya choo. Nikamwambia nilimdanganya na nimekuja kusema kweli, kama kuna adhabu aiandike. Akatoa kalamu ya bluu. Akauliza nani alipitisha ukuta ule, nikakutaja. Jina lako lote, la kwanza mpaka la babu, kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia mahakamani. Wewe ulisema utakwenda mwenyewe kujitaja, lakini mimi nimetangulia kukutaja.

Akaandika yote, akasema yatafika mahakamani kabla ya tarehe 24, na atakuja kuzihesabu zile tofali. Nikadhani tumemaliza, nikashika mkoba. Akasema kuna kitu kimoja kinakosekana. Ili waoneshe kama mtu angeonekana juu ya ukuta wa mita moja na sitini na mbili, wanahitaji urefu wa marehemu. Alikuwa na urefu gani?

Nikafungua mdomo kumjibu. Mimi nimemshonea mume wangu kila nguo aliyovaa kwa miaka kumi na tisa. Nikamwambia, kifua mia na mbili. Bega arobaini na sita. Mkono sitini na moja, wa kushoto umezidi kidogo. Kiuno themanini na nane, na mwaka jana tisini na moja. Suruali mia na nne. Shingo thelathini na tisa. Yule binti akaweka kalamu chini, akasema taratibu, "Mama, ni urefu wake tu. Kutoka chini mpaka juu."

Sikuwa nao. Nina vipande vyake vyote, mzima sikuwahi kumpima. Hakuna nguo inayotaka kipimo hicho.

Ndipo nikalia, mdogo wangu. Pale pale ofisini, mbele ya watu wa vibali. Nililia mpaka wakafunga dirisha la kuhudumia, mpaka yule binti akaja upande wangu wa meza akanishika mabega. Nililia kwa sauti mbaya, kama ya mtu mwingine. Nilirudi nyumbani jua likiwa kali, na kila kitu kinauma sasa, mpaka meno.

Wewe ulisimama naye, mlibebana, mlipimana mabega mkiwa mnacheka, wewe unajua alikufika wapi. Tarehe 24 watakuuliza. Uwaambie.

Kitanda chako nimekitandika. Kama nimekusamehe bado sijui, usiniulize siku ya kwanza. Njoo.

Dada yako